Jinsi Virusi vya Mafua ya Ndege Vinavyobadilika na Kumzoea Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kandokando ya Ziwa Victoria

Maswali haya ni yale ambayo wafugaji wa kuku na bata, wachuuzi wa masokoni, wavuvi wa mialoni na wanafunzi wamekuwa wakiniuliza katika kazi yangu ya mifugo, kuanzia Ilemela na Igoma hadi Magu na Sengerema, mkoani Mwanza. Mengi huanza na kuku na kuishia kwa mtoto anayelala nyumba moja na kuku hao. Nimeona ni haki kuyajibu kwa kirefu, kwa sababu mfugaji anayeelewa kirusi kinavyobadilika hasubiri kusukumwa ili afunge banda lake.

Mafua ya ndege ni ugonjwa gani, na unatofautianaje na kideri?

Mafua ya ndege husababishwa na virusi vya mafua vya kundi A, ambavyo makao yake ya asili ni ndege wa majini kama bata mwitu, bata bukini na membe. Ndani ya ndege hao virusi vingi huishi bila kuwadhuru sana, hutoka na kinyesi na kuingia majini. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, husababishwa na kirusi cha ukoo mwingine kabisa. Kwa macho, hata hivyo, magonjwa haya mawili yanafanana mno: kuku huzubaa, upanga wa kichwani huvimba na kugeuka zambarau, huharisha, hukoroma, na banda zima linaweza kumalizika kwa siku mbili au tatu. Chanjo ya kideri haimkingi kuku dhidi ya mafua ya ndege. Kwa hiyo vifo vya ghafla katika banda lililochanjwa kideri ipasavyo ni sababu tosha ya kumwita daktari wa mifugo siku ileile, badala ya kusema "ni mdondo tu" na kuwahi kuwauza waliobaki.

Herufi na namba kama H5N1 zina maana gani?

Juu ya ganda la kirusi kuna protini za aina mbili zinazojitokeza kama miiba. Ya kwanza ni hemaglutinini, ambayo hukishikiza kirusi kwenye seli na kukiingiza ndani. Ya pili ni neuraminidasi, ambayo huvikata virusi vipya kutoka kwenye seli ili visafiri kwenda kwingine. Miongoni mwa ndege wa majini zimetambuliwa kwa muda mrefu aina 16 za ile ya kwanza na aina 9 za ile ya pili, na namba ni za kuzitofautisha tu. H5N1 ina hemaglutinini ya 5 na neuraminidasi ya 1. Namba hizi hazisemi chochote kuhusu ukali: kuna H5 isiyomtoa kuku hata unyoya, na kuna H5 inayofagia banda.

Kirusi hubadilikaje hasa?

Hubadilika kwa njia mbili, na ni vizuri kuzielewa zote mbili kwa sababu kila moja ina mahali pake pa kuzuiwa.

Njia ya kwanza ni makosa ya kunakili. Urithi wa kirusi cha mafua, yaani maelekezo ya kukijenga, umeandikwa katika kemikali iitwayo RNA, kwa herufi zipatazo 13,500. Kila kirusi kinapoingia ndani ya seli hunakiliwa na kimeng'enya chake chenyewe kiitwacho polimerasi, na kimeng'enya hiki, tofauti na vile vinavyonakili urithi wa binadamu au wa kuku, hakirudi nyuma kusahihisha. Matokeo yake ni kwamba nakala kamili za kirusi hutoka zikiwa na kosa moja hivi kwa wastani. Seli moja hutoa maelfu ya virusi, na mgonjwa mmoja ana mamilioni ya seli zilizoambukizwa, hivyo kuku mmoja anayeumwa amebeba umati wa virusi vinavyotofautiana kidogokidogo, kama maandishi yaliyonakiliwa kwa mkono na watu wengi wasioyasoma tena wanapomaliza.

Makosa mengi huharibu kirusi na hicho hufa palepale. Mengine hayana athari yoyote. Machache sana humpa kirusi nafuu kidogo katika mwili fulani, na hapo ndipo mazoea huanza: chenye nafuu huzaana kuliko wenzake, na baada ya siku chache ndicho kinachotawala. Narudia kulisema hili kila ninapoulizwa kama kirusi "kinatafuta njia" ya kumwingia binadamu. Kirusi hakitafuti kitu. Mwili wa mwenyeji ndio unaochagua, na kila mwenyeji mpya wa jamii ya wanyama wanaonyonyesha ni uchaguzi mwingine.

Njia ya pili ni kuchanganya vipande. Urithi wa kirusi cha mafua hauko katika uzi mmoja. Umegawanyika vipande 8 vilivyo mbalimbali. Virusi viwili vya aina tofauti vikiingia ndani ya seli moja kwa wakati mmoja, watoto wao wanaweza kubeba vipande kadhaa vya huyu na kadhaa vya yule. Njia hii ni ya haraka, maana kwa usiku mmoja kirusi kinaweza kupata protini nzima ambayo kwa makosa ya herufi mojamoja kingeihangaikia miaka.

Kama kinabadilika haraka kiasi hicho, kwa nini hakijasambaa kati ya watu?

Kwa sababu mwili wa binadamu una vizuizi kadhaa, na kuvuka kimoja hakusaidii ikiwa vingine bado vimesimama.

Kizuizi cha kwanza ni mahali pa kujishikiza. Seli za njia ya hewa zimefunikwa na minyororo ya sukari yenye asidi ya sialiki nchani, na hemaglutinini hukamata ncha hiyo. Katika utumbo wa bata ncha hiyo imeungwa kwa namna inayoifanya isimame wima. Katika pua na koo la binadamu imeungwa kwa namna nyingine, nayo hupinda. Ndoano ya sangara haifai kuvulia furu, ingawa wote ni samaki wa ziwa moja. Ndivyo hemaglutinini ya ndege inavyoshindwa kushika vizuri puani mwa mtu.

Lakini binadamu naye anazo sukari za mtindo wa ndege, isipokuwa ziko mahali pawili pasipo pa kawaida: ndani kabisa ya mapafu, na kwenye utando wa jicho. Jambo hili moja linaeleza mengi. Linaeleza kwa nini wagonjwa wengi wa H5N1 waliolazwa Asia na Misri walipata nimonia kali huku wakiwaambukiza watu wachache mno, kwa kuwa kirusi kilichojichimbia chini ya mapafu hakitoki kwa urahisi kwa chafya. Linaeleza pia kwa nini wafanyakazi wa mashamba huanza na macho mekundu. Mtazame anayenyonyoa kuku sokoni: amemtumbukiza kwenye maji ya moto, mvuke unapanda na vumbi la manyoya, mikono yote miwili imejaa damu na uchafu, jasho linamwingia machoni, naye anajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Ikiwa kuku yule alikuwa mgonjwa, kirusi hakihitaji kubadilika hata herufi moja ili kimpate mtu huyo. Kubadilika kunahitajika ili kitoke kwake kwenda kwa jirani yake.

Ni mabadiliko gani hukifanya kirusi kishike puani na kooni mwa mtu?

Protini ni mnyororo wa asidi amino, na wataalamu huzihesabu kwa nafasi zake. Katika hemaglutinini, nafasi chache zilizo kwenye mdomo wa kukamatia ndizo zinazoangaliwa zaidi. Virusi vya majanga ya mafua yaliyoenea duniani mwaka 1957 na 1968 vilikuwa vimebadilika katika nafasi ya 226 na ya 228. Kirusi cha janga la 1918 kilihusisha nafasi ya 190 na ya 225. Mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hemaglutinini ya H5N1 iliyotokana na milipuko ya ng'ombe wa maziwa inaweza kugeuzwa ishike sukari ya mtindo wa binadamu kwa badiliko moja tu, katika nafasi ya 226. Walifanya kazi hiyo kwa protini pekee wala si kwa kirusi kizima chenye uhai, na badiliko hilo peke yake halitoshi kuanzisha janga. Hata hivyo mimi sikulichukulia kama habari ndogo, kwani kwa miaka mingi tuliamini kwamba H5 ingehitaji hatua kadhaa kufika hapo.

Kizuizi cha pili ni kipi?

Ni ndani ya seli. Polimerasi ya kirusi haifanyi kazi peke yake. Huazima protini ya mwenyeji iitwayo ANP32A. Ya kuku na bata ina kipande cha ziada cha asidi amino 33 ambacho ya binadamu haina, na polimerasi iliyozoea ndege huzubaa ikikutana na ile fupi ya binadamu. Siri hii ilifafanuliwa mwaka 2016 na watafiti wa Imperial College ya London, ingawa dalili zake zilikuwa zimeonekana zamani: katika sehemu ya polimerasi iitwayo PB2, nafasi ya 627, virusi vya ndege huwa na asidi ya glutamiki na virusi vilivyozoea watu huwa na laisini. Badiliko hili moja huirudishia polimerasi kasi yake ndani ya seli zetu, na pia huisaidia kufanya kazi penye ubaridi, jambo la muhimu kwa sababu utumbo wa ndege una joto la nyuzi 40 hivi na pua ya mtu ina nyuzi 33.

Badiliko la 627 hutokea upesi mno. Katika mlipuko wa H7N7 wa Uholanzi mwaka 2003 watu 89 walithibitika kuambukizwa, wengi wao wakiwa na macho mekundu tu. Daktari wa mifugo mmoja alifariki kwa nimonia, na kirusi kilichotoka kwake ndicho kilichokuwa na laisini katika nafasi hiyo. Mabadiliko mengine, kama ya nafasi ya 701 au ya 631 ambayo imeonekana kwa ng'ombe wa Marekani, hufanya kazi inayofanana.

Wanafunzi hupenda kusikia habari ya mbuni. Ndege huyu, tofauti na kuku, ana ANP32A fupi kama ya kwetu, na virusi vikipita kwake vinaweza kupata badiliko la 627 vingali kwa ndege.

Basi kirusi chenye badiliko la 627 tayari ni hatari kwa dunia nzima?

Hapana, na mfano mzuri unatoka ziwani, ingawa si ziwa letu. Mwaka 2005 maelfu ya ndege wa porini walikufa kwa H5N1 katika Ziwa Qinghai nchini China, na virusi vya ukoo ule, ambao tayari ulikuwa na laisini katika nafasi ya 627, vilisambaa hadi Ulaya na Afrika. Nigeria ilithibitisha mwezi Februari 2006, na Misri mwezi huohuo. Misri ilipata mamia ya wagonjwa katika miaka iliyofuata, wengi wao watu waliofuga kuku nyumbani, lakini kirusi hakikusambaa kati ya watu, kwa sababu hemaglutinini yake iliendelea kupendelea sukari ya ndege. Nafasi moja ikifunguka na nyingine zikabaki zimefungwa, mgonjwa anaweza kufa bila ya jirani kuambukizwa.

Kuna vizuizi vingine?

Vipo. Hemaglutinini ya kirusi cha watu huwa imara zaidi penye asidi, na uimara huo hukifanya kisiharibike mapema kikiwa puani na hewani. Kinga ya asili ya binadamu ina protini kama MxA na BTN3A3 ambazo hukamata virusi vya ndege ndani ya seli, na ni mabadiliko katika protini nyingine ya kirusi, inayofunika RNA yake, ndiyo huviwezesha kuziponyoka. Vilevile hemaglutinini na neuraminidasi zinapaswa kulingana: ikiwa moja inashika kwa nguvu na nyingine inakata kwa uvivu, virusi vipya hubaki vimenasa palepale vilipozaliwa.

Ni mabadiliko mangapi yangetosha kwa jumla?

Mwaka 2012 makundi mawili, moja la Ron Fouchier wa Rotterdam na jingine la Yoshihiro Kawaoka anayefanya kazi Wisconsin na Tokyo, yalichapisha majaribio yaliyofanywa kwa feri, mnyama wa jamii ya kicheche ambaye njia yake ya hewa inafanana na yetu. Mabadiliko yapatayo matano au pungufu katika hemaglutinini na polimerasi yalitosha kukifanya kirusi chenye H5 kisafiri kwa hewa kutoka kizimba kimoja hadi kingine. Kulikuwa na mabishano makali kama kazi hiyo ingepaswa kufanywa au kuchapishwa, na sishangai. Lakini ndiyo iliyotufundisha ni nafasi zipi za kuangalia sampuli zinapofika maabara.

Hesabu hiyo ndogo isimtie mtu hofu wala kumlaza usingizi. Mabadiliko hayo yanatakiwa yakutane katika kirusi kimoja, na mengine humdhoofisha kirusi hadi yapate mwenzake wa kuyafidia. Wakati huohuo, mtu mmoja mgonjwa kwa wiki kadhaa ni muda wa kutosha kwa hatua za mwanzo kuonekana. Mwezi Novemba 2024 kijana mmoja wa British Columbia, Kanada, aliugua vibaya kwa H5N1, na katika sampuli zake kulikuwa na mchanganyiko wa virusi vilivyoanza kubadilika katika nafasi ya 190 na ya 226 za hemaglutinini, pamoja na ya 627 ya PB2. Alipona, na hakuna mtu mwingine aliyeonekana kuambukizwa naye.

Kwa nini mnatukataza kufuga nguruwe na bata pamoja?

Kwa sababu ya ile njia ya pili ya kubadilika. Njia ya hewa ya nguruwe ina sukari za mitindo yote miwili, hivyo anaweza kupata mafua kutoka kwa bata na kutoka kwa mfugaji wake, na vipande 8 vya huyu vikakutana na 8 vya yule ndani ya seli moja. Kirusi cha janga la 1957 kilikuwa na vipande 3 vya asili ya ndege vilivyoingia katika kirusi cha watu. Cha 1968 kilikuwa na 2. Janga la 2009 lilitokana na virusi vya nguruwe ambavyo vipande vyake vilikuwa vimechanganyika kutoka kwa ndege, watu na nguruwe wa mabara tofauti.

Hali ninayoikuta katika kaya nyingi za ufukweni ni hii. Bata wameshinda ziwani, wakila pamoja na yangeyange na membe. Jioni wanapanda kurudi, wanaingia moja kwa moja kwenye sufuria kuukuu la maji lililowekwa kwa ajili ya kuku, wanatikisa midomo ndani yake, na maji yanayomwagika yanatiririka hadi kwa nguruwe aliyefungwa hatua tatu kutoka hapo, chini ya mwembe. Mwenye nyumba anakohoa kwa mafua ya kawaida huku akimpa nguruwe pumba. Hakuna aliyefanya uovu wowote hapo. Kuhamisha sufuria moja, kuwapa bata maji yao ya kisima na kumjengea nguruwe banda upande wa pili wa kiwanja kunatosha kuvunja mnyororo huo, na mwenye mafua amwachie mwingine kazi ya kulisha mpaka apone.

Kwa nini virusi vingine huua kuku wote na vingine havionyeshi dalili?

Hemaglutinini haifanyi kazi mpaka ikatwe mahali fulani na vimeng'enya vya mwenyeji. Katika virusi vipole, vimeng'enya vinavyoweza kuikata viko utumboni na katika njia ya hewa tu, hivyo ugonjwa hubaki huko. Virusi vya H5 na H7 vikikaa muda mrefu kwenye mabanda yenye kuku wengi vinaweza kuongezewa asidi amino kadhaa mahali pale pa kukatwa, na baada ya hapo hukatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli ya mwili. Ndipo kirusi kinapofika moyoni, kwenye ubongo na kila mahali.

Mafua ya ndege yamewahi kufika Ziwa Victoria?

Ndiyo. Mwezi Januari 2017 ndege wengi wa kuhamahama, hasa membe, walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, Uganda, na muda huohuo kuku na bata wa kufugwa wakafa upande wa Masaka. Kirusi kilichothibitishwa kilikuwa H5N8. Wakati ule hapakuwa na binadamu yeyote duniani aliyejulikana kuambukizwa na H5N8. Miaka minne baadaye, Februari 2021, Urusi iliripoti wafanyakazi 7 wa shamba la kuku walioambukizwa mwezi Desemba 2020, wote bila ugonjwa mkali.

Membe hawa hutoka Ulaya na Asia na kukaa kwetu kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Ghuba ya Lutembe na ufukwe wa Nyegezi ni maji ya ziwa moja, na ndege hahitaji kibali cha kuvuka mpaka. Hilo halimaanishi tuwachukie au tuwafukuze ndege wa visiwa vya Saanane na Rubondo. Kuwatawanya huwapeleka kwingine na virusi vyao. Kazi yetu ni kuwatenga kuku na bata wetu nao, hasa miezi hiyo.

Nimesikia ng'ombe wa Marekani wameambukizwa. Je, ng'ombe wetu?

H5N1 ilitambuliwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Texas mwezi Machi 2024, ikasambaa katika majimbo mengi, zaidi kwa mashine za kukamulia na kwa kuhamisha ng'ombe. Chuchu na kiwele cha ng'ombe kilionekana kuwa na sukari za mtindo wa ndege na za mtindo wa mtu, na maziwa ya ng'ombe mgonjwa yalijaa kirusi kiasi kwamba paka walioyanywa mabichi walikufa. Nchini humo wameripotiwa watu wapatao 70, wengi wao wafanyakazi wa mashamba ya maziwa na ya kuku, na wengi walipata macho mekundu na homa nyepesi. Aliyefariki Januari 2025 huko Louisiana alikuwa karibu na kuku wa nyumbani na ndege wa porini, na kirusi chake kilikuwa cha tawi jingine, si lile la ng'ombe.

Kwa wafugaji wa Usukumani, ambako maziwa ni chakula na ni heshima, ushauri wangu ni kuyachemsha kwanza ndipo yagandishwe. Joto la kuchemsha huua kirusi, pamoja na vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba ambavyo tunavyo tayari.

Nyama, mayai na dagaa ni salama?

Nyama ya kuku iliyoiva mpaka ndani, bila wekundu mfupani, na mayai yaliyoiva kiini ni salama. Nyuzi 70 za joto hukimaliza kirusi. Hatari iko katika kuchinja na kunyonyoa, kabla ya kufika jikoni. Dagaa na sato hawana mafua ya ndege, ila anayeanika dagaa azoe kinyesi cha ndege kabla ya kutandaza nyavu.

Kwa nini kuku wasichanjwe mafua ya ndege, tukamaliza?

Kuna nchi zinazochanja. China ilianza kuchanja kuku dhidi ya H7 mwezi Septemba 2017, baada ya H7N9 kuwapata watu zaidi ya 1,500 tangu mwaka 2013, na wagonjwa wakapungua ghafla. Ufaransa ilianza kuchanja bata mwezi Oktoba 2023. Lakini chanjo isiyolingana na kirusi kilichopo, au inayotolewa nusunusu, inaweza kumzuia kuku asife huku akiendelea kutoa virusi, na virusi hivyo vikazidi kubadilika chini ya kinga pungufu bila mtu kuona dalili. Chanjo inahitaji maabara inayofuatilia pamoja nayo, na uamuzi huo ni wa serikali, si wa duka la pembejeo. Viuavijasumu vinavyouzwa madukani havigusi kirusi hata kidogo.

Mtu ameshika kuku waliokufa, sasa ana homa na macho mekundu. Afanye nini?

Aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na neno la kwanza la kumwambia mhudumu liwe kwamba alishika kuku au ndege waliokufa, kwani bila hilo atapimwa malaria, apewe dawa na kurudishwa nyumbani. Dalili kwa kawaida huanza siku ya 2 hadi ya 5, na mtu aliyegusana na kuku hao anapaswa kujiangalia kwa siku 10. Dawa ya oseltamivir, inayozuia neuraminidasi, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199, inaweza kutumika kuomba maelekezo. Tangu mwaka 2003 wagonjwa wa H5N1 walioripotiwa duniani ni zaidi ya 900 na karibu nusu yao walifariki, ingawa wenye dalili nyepesi wengi huenda hawakuhesabiwa.

Kumwahi mgonjwa huyu kunaokoa maisha yake, na pia kunafupisha siku ambazo kirusi kinanakiliwa ndani ya mwili wa mtu. Mwaka 2006 katika kijiji kimoja cha Sumatra Kaskazini, Indonesia, ndugu 7 wa ukoo mmoja walifariki kwa H5N1 baada ya kuuguzana ndani ya nyumba. Kirusi kilipita kati yao kwa ukaribu wa kuuguza, kikaishia hapo.

Nikikuta ndege wamekufa ufukweni, nimwambie nani?

Mwambie afisa mifugo wa kata yako au ofisi ya mifugo ya halmashauri, naye atawasiliana na kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Mwanza. Eleza mahali, ni ndege wa aina gani, wangapi, na tangu lini. Usiwachukue kwa ajili ya mboga, na usiwatupe majini. Sampuli ya ndege aliyekufa asubuhi ileile ndiyo bora zaidi, kwa sababu RNA huharibika upesi juani, na ni katika RNA hiyo ndipo husomwa kama ni H5 au la, na kama nafasi ya 226 na ya 627 bado ni za ndege. Wakati unasubiri, mfunike ndege kwa karai kuukuu, weka jiwe juu yake ili mbwa na kunguru wasimfikie, kisha nawa mikono kwa sabuni, ambayo huyeyusha ganda la mafuta la kirusi, kabla ya kugusa uso.